Chujio la tangi la samaki: fuga bakteria kwanza, samaki watafuata



Leo tunaacha nyanya na vitunguu, tunaingia kwenye maji. Juzi nilikuwa na kijana mmoja wa Kigamboni, mfugaji wa sato, tunasubiri kikao kwenye hoteli moja hapa Dar. Pale mapokezi pana tangi la kioo la maji chumvi, ndani kuna matumbawe na samaki wadogo wa rangi rangi. Kijana akalizunguka mara mbili, akaniuliza:

"Bwana shamba, mimi maji yangu ni ya kijani kama mlenda na samaki bado wananifia. Hawa wamejazana kwenye kioo, na maji unaona mpaka upande wa pili. Wanabadilisha maji kila siku?"

Nikamwomba mhudumu atufungulie kabati lililo chini ya tangi. Ndani kulikuwa na soksi ya kuchujia uchafu, chombo kinachotoa povu la kahawia, chumba kilichojaa mawe, na pampu inayorudisha maji juu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, huko juu ni duka tu. Kiwanda ndicho hiki."

Makala ya leo ni kuhusu hicho kiwanda. Nitakueleza jinsi ya kujenga chujio la tangi la sato kwa mapipa na mawe, ukiwa nyumbani, kwa hesabu na siyo kwa kukisia. Mwishoni nitawasemesha kidogo wenzetu wa pwani wanaotaka lile tangi la matumbawe lenyewe, maana kanuni ni ileile.

Kwanza nikiri kosa langu

Miaka michache iliyopita nilimjengea dada yangu tangi la lita 2,000 nyuma ya nyumba, Morogoro. Alichukua mkopo wa kikoba, tukanunua tangi, pampu, mapipa na vifaranga wa sato. Miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Sato wakafika kama gramu 150, majirani wakaanza kuulizia bei.

Jumamosi moja nikaenda kumtembelea. Nikaona mawe kwenye chujio yamefunikwa na utando wa kahawia unaoteleza. Mimi, mtaalamu, nikasema hapa pachafu. Nikavuta mpira wa bomba la mjini, nikayasugua yale mawe mpaka yakang'aa. Dada akafurahi, akanipikia.

Jumanne alfajiri akapiga simu. "Mdogo wangu, samaki wako juu wanahema, na wengine wamelala ubavu." Mpaka jioni tulikuwa tumeopoa 96. Mkopo wa kikoba aliulipa kwa kuuza mbuzi wawili, na mimi nikachangia uliobaki.

Ule utando nilioufuta ndio uliokuwa unawaweka hai wale samaki. Maji ya bomba yenye klorini yaliua mabaki yake. Siku tatu baadaye maji yalikuwa yamejaa sumu ya mkojo wao wenyewe. Nimekusimulia hili ili usilipie somo ambalo sisi tumeshalilipia.

Kinachoua samaki hakionekani kwa macho

Wengi wetu tunapima maji kwa macho. Yakiwa meupe tunasema mazuri, yakiwa ya kijani tunasema mabaya. Lakini maji meupe pee yanaweza kuua tangi zima usiku mmoja.

Samaki akila chakula chenye protini, mwili wake unatoa amonia, na sehemu kubwa inatokea kwenye matamvua. Hata asipotoa choo, bado anatoa amonia. Chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Bwawani kuna tope, mwani na maji mengi ya kuisambaza na kuila. Kwenye tangi hakuna mahali pa kwenda. Inarudi kwenye matamvua yaleyale.

Hapa ndipo bakteria wanapoingia. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa sababu inaifanya damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ni pole sana, samaki anaivumilia, na mchicha wako utaishangilia ukimwagilia hayo maji.

Bakteria hawa hawaelei hovyo majini, wanajishika kwenye kitu: jiwe, plastiki, ukuta wa tangi. Wanataka oksijeni nyingi na maji yanayopita muda wote. Kwa hiyo chujio la kweli ni nyumba ya bakteria. Ukiwapa nyumba kubwa, hewa na chakula, wanakufanyia kazi saa 24 bila mshahara.

Jambo moja zaidi, na hili ni muhimu: ukali wa amonia unategemea pH. Kwenye maji ya nyuzi joto 28, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 8, inafika karibu asilimia 7. pH ikiwa 9, karibu asilimia 40. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na kipimo cha amonia sawa na chako, wake wanakula vizuri na wako wanakufa.

Chujio lina kazi tatu, usiruke hata moja

Kazi ya kwanza ni kutoa uchafu mzito: choo na mabaki ya chakula. Takriban robo ya uzito wa chakula unachotupa majini inageuka kuwa taka ngumu. Ukilisha kilo moja, andaa kutoa kama gramu 250 za uchafu, ukiupima mkavu. Usipoutoa mapema unayeyuka, unazalisha amonia zaidi na unaziba mawe.

Kazi ya pili ni ile ya bakteria niliyoieleza.

Kazi ya tatu ni hewa. Maji yanayorudi kwa samaki yawe na oksijeni ya kutosha, na gesi ya kaboni iliyokusanyika itoke. Kwa sato lenga oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita.

Nimeona vijana wanaweka sponji moja na pampu, wanasema wana chujio. Hiyo ni kazi ya kwanza, tena nusu.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Watu wengi wanapanga chujio kwa ukubwa wa tangi. Hilo ni kosa. Chujio linapangwa kwa kiasi cha chakula utakacholisha siku ambayo samaki ni wazito kuliko siku zote.

Tuchukue tangi la lita 2,000. Mpango wetu ni kuvuna sato 160 wa gramu 250, yaani kilo 40. Wakifika huko, ukilisha asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, unahitaji gramu 800 za chakula.

Chakula chenye protini ya asilimia 32 kinazalisha takriban gramu 30 za amonia kwa kila kilo. Kwa gramu 800, ni gramu 24 kwa siku.

Kwenye maji ya joto kama yetu, piga hesabu kwamba meta moja ya mraba ya utando wa bakteria inasafisha nusu gramu ya amonia kwa siku. Gramu 24 zinataka meta za mraba 48. Mimi huongeza nusu yake kwa ajili ya siku mbaya, inakuwa 72.

Sasa meta za mraba 72 unazipata wapi? Mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu ambayo wenzetu wa Arusha, Moshi na Mbeya wanayakanyaga tu, yakipondwa kuwa kokoto yana takriban meta za mraba 300 kwa kila meta moja ya ujazo. Gawanya 72 kwa 300, unapata 0.24. Hizo ni lita 240 za kokoto, ndoo 12 za lita 20. Basi.

Kuna wanaopenda vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Vinafaa, ni vyepesi na havizibi haraka. Lakini piga hesabu: vizibo kama 300 ndiyo vinakupa meta moja ya mraba. Kwa 72 unahitaji zaidi ya 21,000. Kama una mtoto wa kukuokotea kwenye kila harusi, sawa. Vinginevyo tumia mawe. Kokoto za kawaida laini za mtoni nazo zinafanya kazi, ila eneo lake ni dogo zaidi, itabidi uweke nyingi.

Pampu: maji yote ya tangi yapite kwenye chujio angalau mara moja kwa saa. Kwa tangi letu ni lita 2,000 kwa saa. Hapa ndipo tunapigwa dukani. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ukipandisha meta moja na nusu, inapungua sana. Angalia mchoro ulio kwenye boksi au mwulize muuzaji inatoa lita ngapi kwa kimo chako. Ukikosa jibu, pima mwenyewe kwa ndoo na saa: ndoo ya lita 20 ijae ndani ya sekunde 36.

Kupanga mapipa

Utahitaji mapipa manne ya plastiki ya lita 200, yasiyokuwa na historia ya sumu. Ukiambiwa lilikuwa la dawa ya mashambani, liache hukohuko hata likiwa la bure. Pia unahitaji chombo kimoja cha chini cha kuwekea pampu.

Pipa la kwanza ni la tope. Maji yatoke katikati ya sakafu ya tangi, maana uchafu wa tangi la duara unajikusanya katikati, yaingie pipani kwa ubavu ili yazunguke polepole. Uchafu unazama, maji yanatokea juu katikati. Chini weka koki kubwa ya kumwagia tope. Usiweke pampu kabla ya pipa hili, kwa sababu itausaga uchafu kuwa uji na hautazama tena.

Pipa la pili ni la nyavu. Jaza mikunjo ya shedi neti au nyavu za zamani zilizooshwa. Zinanasa vile vidogo vilivyoshindwa kuzama.

Pipa la tatu na la nne ni nyumba za bakteria. Gawanya zile lita 240 za kokoto, lita 120 kila moja. Weka kwanza matofali chini, juu yake wavu mgumu, kisha kokoto. Maji yaingie chini ya wavu kwa bomba na yapande juu kupitia kwenye kokoto. Chini ya wavu weka jiwe la hewa, na koki ya kumwagia tope. Funika juu, bakteria hawa hawapendi jua, na jua litakuletea mwani. Osha kokoto vizuri kabla ya kuziweka, vumbi lake linaziba kila kitu.

Kutoka hapo maji yanaangukia kwenye chombo cha pampu, pampu inayarudisha kwenye tangi. Yaache yaanguke kama mvua, siyo kuingia kimyakimya. Ukitoboa bomba la juu matundu mengi unaongeza hewa bila gharama.

Mambo matatu ambayo fundi bomba hatakukumbusha:

Moja, mabomba kati ya mapipa yawe mapana, inchi 3 ikiwezekana, na kila pipa litoe maji chini kidogo ya lile lililotangulia. Huko maji yanatembea yenyewe, hayasukumwi. Bomba jembamba likiziba, pipa linafurika.

Mbili, kimo cha maji kwenye tangi kishikwe na bomba la kutokea, lisimame mpaka usawa unaoutaka. Hivyo hata pampu ikizimika, tangi halikauki.

Tatu, zima pampu makusudi kabla hujaweka samaki. Maji yaliyo juu yatashuka mpaka kwenye chombo cha pampu. Kikifurika, kiongeze ukubwa au punguza maji. Halafu toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, juu kidogo ya maji ya tangi, ili lisije likanyonya maji kurudi chini. Jaribu mchana ukiwa umesimama hapo, usisubiri umeme ukukatikie saa nane usiku.

Kukomaza chujio: wiki sita za subira

Hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Chujio jipya halina bakteria. Ni mapipa ya mawe tu. Ukiweka samaki 160 leo, wiki ijayo utalia.

Jaza maji, washa pampu na hewa. Kama ni maji ya bomba la mjini, yaache kwanza siku 2 yakiwa yanapigwa hewa ili klorini itoke. Kisha weka gramu 20 za chakula cha samaki kila siku kwenye soksi, kioze. Hicho kinaleta amonia ya kuwalisha bakteria wa kwanza. Ukipata ndoo moja ya kokoto kutoka kwenye chujio la mwenzako ambaye samaki wake hawana ugonjwa, umefupisha safari.

Nunua kipimo cha maji cha matone, kile chenye amonia, nitriti, nitrati na pH. Usiniambie ni ghali. Linganisha na bei ya vifaranga 160 na chakula cha miezi mitano.

Utaona amonia inapanda, halafu inashuka. Nitriti inafuata, inapanda, nayo inashuka. Mwishoni nitrati inapanda na kubaki juu. Siku amonia na nitriti zinapokaa karibu na sifuri wakati bado unaweka chakula, chujio limekomaa. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Hata hapo, anza na vifaranga wadogo na chakula kidogo, bakteria waongezeke pamoja na samaki.

Ratiba ya kila siku na kila wiki

Asubuhi, kabla ya kulisha, fungua koki ya pipa la tope mpaka maji yatoke meupe. Hayo maji machafu yapeleke kwenye migomba au mchicha. Ulichokitoa kijazie kwa maji yaliyolala siku 2 kwenye tangi la akiba. Kwa siku badilisha kama asilimia 10 ya maji yote, hapo nitrati haitakusumbua.

Lisha kidogo kidogo, mara 3 kwa siku. Chakula kinachobaki kinaelea baada ya dakika 10, kiopoe na upunguze mlo unaofuata.

Mara 2 kwa wiki pima. Amonia yote isizidi miligramu 1 kwa lita, nitriti nayo isizidi 1. pH iwe kati ya 6.8 na 7.5. Bakteria wanapofanya kazi wanakula ualkali wa maji, kwa hiyo pH inashuka yenyewe taratibu, na ikishuka sana wanaacha kazi. Irudishe kwa bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea. Mahitaji huwa kati ya gramu 150 na 250 kwa kila kilo ya chakula unacholisha, kutegemea maji yako. Yeyusha kwenye ndoo, mimina polepole. Ongeza ukishapima, siyo kwa mazoea.

Nyavu za pipa la pili zioshe kila wiki. Kokoto usiziguse mpaka uone maji yanapita kwa shida. Zikihitaji kusafishwa, mwaga tope la chini kwa koki, na ukilazimika kuzisuuza tumia maji ya tangi lenyewe. Pipa moja leo, la pili baada ya wiki 3. Kamwe usisafishe yote mawili siku moja, na kamwe usitumie maji ya bomba. Hili naliandika nikiwaona wale sato 96.

Mambo yakiharibika

Samaki wako juu wanahema, hawali. Fanya kwa mpangilio huu:

Acha kulisha. Samaki mkubwa haathiriki kwa kukosa chakula siku 2.

Ongeza hewa, hata kwa kuchota maji na kumwaga kutoka juu.

Pima. Amonia au nitriti ikiwa juu, badilisha theluthi hadi nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini, yenye joto linalolingana.

Nitriti ikiwa juu, weka chumvi ya kawaida kilo 1 kwa kila lita 1,000. Chumvi inaizuia nitriti isiingie kwenye damu kupitia matamvua.

Usikimbilie chokaa. Wapo watakaokushauri uweke chokaa kusafisha maji. Chokaa inapandisha pH, na umeshaona pH ikipanda amonia inafanya nini. Utawamalizia wewe mwenyewe.

Umeme ukikatika, sato waliojazana hawana muda mrefu. Weka pampu ya hewa inayotumia betri, na ujizoeze kuiwasha gizani. Kambale ana nafuu, anaweza kupumua hewa ya juu, lakini bakteria wako hawawezi. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, mwaga kwanza maji yaliyolala kwenye mapipa ya kokoto kabla hujayarudisha kwa samaki, yameshaharibika.

Tuongee pesa sasa

Pampu ya wati 60 na ya hewa ya wati 40 zinakula pamoja uniti 2.4 kwa siku, uniti 72 kwa mwezi. Kwa miezi 6 ni uniti 432. Umevuna kilo 40. Yaani kila kilo ya sato imekula karibu uniti 11 za umeme, kabla hujahesabu chakula, vifaranga na mkopo. Chukua bei ya uniti ya kwako, zidisha, linganisha na bei ya sato sokoni.

Unaona? Kwa tangi moja, kufuga sato wa kitoweo ni biashara ngumu, na mtu anayekuahidi utajiri humo ana tangi la kukuuzia. Bwawa bado ndilo mfalme wa sato wa kula, kama una ardhi na maji.

Chujio linalipa mahali penye thamani kubwa kwa maji kidogo: kulea vifaranga mpaka wafikie ukubwa wa kuuzia wafugaji wengine, kutunza samaki hai kwa wateja wa hoteli, au samaki wa mapambo. Dada yangu leo analea vifaranga wa kambale na sato kwenye tangi lilelile. Samaki ni wadogo, chakula ni kidogo, kwa hiyo mzigo wa chujio ni mdogo, na anauza kila baada ya wiki chache badala ya kusubiri nusu mwaka.

Wenzetu wa pwani na tangi la matumbawe

Turudi kwenye lile tangi la hotelini. Bakteria ni wa kazi ileile, tofauti ni ukali wa masharti. Sato anavumilia makosa, matumbawe hayavumilii. Amonia na nitriti ziwe sifuri, nitrati iwe ndogo sana. Chumvi ikae kwenye gramu 35 kwa lita, na maji yakipungua kwa jua unajazia maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu kilichoruka ni maji, chumvi imebaki. Vijana wengi wanajazia maji ya bahari, chumvi inapanda kila siku mpaka kila kitu kinakufa.

Kile chombo cha povu kinasukuma viputo vidogo sana kwenye maji chumvi. Uchafu wa protini unashikana na viputo, unapanda kama povu na kumwagika kwenye kikombe kabla haujaoza. Kinafanya kazi vizuri kwenye maji chumvi kwa sababu huko viputo vinakuwa vidogo na vinadumu. Kwa sato wa maji baridi usikinunue, hakitakusaidia. Yale mawe ni nyumba ya bakteria, kama kokoto zetu. Na usiweke kamwe dawa yenye shaba kwenye tangi lenye matumbawe, inayaua.

Lakini nisikilize vizuri. Matumbawe na mawe hai hayachukuliwi tu baharini kama kokoto. Matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa CITES, na nchini tuna sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Hifadhi ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Mwamba uliovunjwa ni nyumba ya samaki ambao baba yako mvuvi anawategemea. Anza na mawe makavu, uyakomaze kama nilivyoeleza, na kabla ya kununua au kukusanya kiumbe chochote cha bahari pita ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize vibali. Kijana mwenye ujuzi wa kutunza matangi ya hoteli analipwa kila mwezi kwa huduma, bila kuvunja hata jiwe moja.

Yule kijana wa Kigamboni tumekubaliana ataanza na mapipa, mawe na kipimo cha maji. Vifaranga atanunua baada ya wiki sita. Aliniuliza, "Bwana shamba, sasa hizo wiki sita nafuga nini?" Nikamwambia bakteria. Akacheka, lakini kokoto ameshaagiza.

Tukutane wiki ijayo, tutazungumzia jinsi ya kuchagua vifaranga bora na kuwasafirisha bila kufa njiani. Kazi njema.